Maji Taka Hupimwaje, na Mwananchi Anaweza Kusaidiaje?

Hotuba ya afisa wa mazingira wa kaunti katika baraza la wananchi



Wengi wenu hutuuliza: inakuwaje mto unanuka, na mkaguzi akija anakuta maji yako sawa? Ili kujibu, lazima nieleze tunachopima.

Uchafu ninaouzungumzia ni ule unaooza: damu ya kichinjio, maji ya kuoshea kahawa, maji ya vyoo. Ukiingia mtoni, bakteria huula, na wakiula hutumia oksijeni ambayo samaki wanaihitaji. Lita moja ya maji safi ya mto hubeba oksijeni kidogo sana, kama miligramu 9 hivi. Lita moja tu ya damu ya ng'ombe inaweza kumaliza oksijeni ya zaidi ya lita 15,000 za maji hayo. Ndiyo sababu samaki huelea wamekufa.

Kipimo cha kwanza ni BOD. Maji hutiwa katika chupa, oksijeni yake ikapimwa, kisha chupa hufungwa na kuwekwa gizani kwa siku 5 katika joto la nyuzi 20. Baadaye tunapima tena. Oksijeni iliyopungua ndiyo iliyoliwa. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 ziliweka kikomo cha miligramu 30 kwa lita kwa maji taka yanayoachiliwa katika mazingira.

Kipimo cha pili, COD, hutumia kemikali na moto, na majibu hupatikana kwa saa chache. Kikomo chake katika kanuni hizo kilikuwa miligramu 50. Tunavisoma vyote viwili pamoja kwa sababu mtu akimwaga dawa ya klorini, bakteria hufa na BOD inaweza kuonekana ndogo. COD haifichiki kirahisi hivyo.

Njia nyingine ya kukwepa ni kuongeza maji safi. Tarakimu itashuka, lakini kilo ya uchafu itabaki kilo ile ile. Kwa hivyo tunauliza pia ni lita ngapi zinazotoka kwa siku.

Sasa nirudi kwa swali lenu. Kichinjio huoshwa alfajiri, na kiwanda cha kahawa humwaga maji mengi msimu wa mavuno. Mkaguzi akichukua maji saa nane mchana, atapima yaliyopo saa hiyo. Yale ya alfajiri yameshapita.

Hapo ndipo tunawahitaji. Mkiona maji yamebadilika rangi au kunuka, andikeni siku, saa na mahali, mpige picha, kisha mwarifu ofisi ya wadi, chifu au NEMA mara moja. Msituletee maji katika chupa ya soda. Yakikaa kwenye joto yanaendelea kuoza, na majibu hayatategemeka. Sampuli yetu huwekwa kwenye barafu na kufikishwa maabara haraka.

Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Aliye upande wa chini wa mto ana haki hiyo sawa na mwenye kiwanda. Tukijua saa ya kuja, kipimo kitasema ukweli.