Homa ya Milimani: Seli T Chochezi na Seli T Dhibiti katika Malaria ya Gusii

Malaria ya Kisii na Nyamira, yaani nchi ya Gusii, haifanani na ya Kisumu, ingawa vimelea ni vilevile. Huko Kisumu, kandokando ya Ziwa Viktoria, mtu huambukizwa mara kwa mara tangu utotoni, na akishakua anaweza kwenda shambani akiwa na vimelea damuni bila hata homa. Mji wa Kisii uko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Baridi ya huko huchelewesha kukomaa kwa vimelea ndani ya mbu. Joto likishuka chini ya nyuzi 18 hivi, kimelea Plasmodium falciparum hukwama.

Kisha huja msimu wa joto na mvua kubwa. Mashimo ya udongo wa matofali mabondeni hujaa maji, maji hujaa viluwiluwi, na baada ya wiki chache zahanati hufurika. Mwaka 2002 mlipuko ulizikumba wilaya za wakati huo za Gucha na Kisii ya Kati, pamoja na sehemu nyingine za milima ya magharibi mwa Kenya. Milipuko ya namna hii haichagui umri: mchuma chai mwenye afya tele hulazwa wodini sawa na mtoto.

Kwa nini huyo aanguke ilhali mwenzake wa Kisumu anaendelea na kazi? Sehemu kubwa ya jibu ni kingamwili za mwenzake huyo, zilizojengeka kwa miaka mingi. Sehemu nyingine, isiyozungumzwa vya kutosha, ni seli T, ambazo ni seli za kinga ya mwili.

Vimelea vinapopasua chembe nyekundu za damu, seli T chochezi humwaga intaferoni gama. Kemikali hiyo huziamsha makrofaji, seli zinazomeza chembe zilizoambukizwa, nazo hutoa TNF, kemikali nyingine ya uchochezi. Homa kali na mtetemeko wa malaria hutokana kwa kiasi kikubwa na mashambulizi haya ya mwili wenyewe. Yakikosekana, vimelea huzaana bila kizuizi. Yakipita kiasi, huchangia madhara katika mishipa midogo ya ubongo.

Hapo ndipo seli T dhibiti zinapohitajika, ili kuyazuia yasipite kiasi. Shimon Sakaguchi wa Japani alizitambulisha mwaka 1995. Mwaka 2001 Mary Brunkow na Fred Ramsdell walionyesha kwamba jeni ya FOXP3, ambayo seli hizo huitegemea, ikiharibika, mwili hujishambulia wenyewe. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2025.

Mambo yangekuwa mepesi kama kila seli ingekuwa na kazi moja. Huko Tororo, mashariki mwa Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta kwamba kwa watoto walioumwa malaria mara nyingi, seli T nyingi zilizoitikia vimelea zilitoa intaferoni gama pamoja na interleukini 10, ambayo hutuliza. Seli ileile ilichochea na kudhibiti! Lakini seli hizo hazikuonekana kuwakinga watoto hao. Mwaka uliofuata ikaripotiwa kuwa seli zenye FOXP3 hupungua katika damu ya watoto wa aina hiyo. Utulivu wa mtu wa ziwani, anayeambukizwa mara kwa mara kama watoto hao, basi, una gharama: vimelea hubaki, na mbu huvibeba kwenda kwa wengine.

Je, daktari wa Kisii aitulize kinga ya mgonjwa kwa dawa? Jambo hilo limeshajaribiwa kwingine, na matokeo yanatisha. Nchini Thailand, jaribio la deksamethasoni, dawa ya kutuliza kinga, lililochapishwa mwaka 1982 lilirefusha koma ya wagonjwa wa malaria ya ubongo. Nchini Gambia, kingamwili dhidi ya TNF ilishusha homa ya watoto bila kupunguza vifo, na waliobaki na ulemavu wa neva waliongezeka.

Kinachowezekana ni kuondoa kichochezi chenyewe, yaani vimelea, mapema. Katika Gusii hiyo ina maana kwamba mtu mzima mwenye homa, hasa aliyetoka ziwani karibuni, apimwe damu siku hiyohiyo, na dawa mseto ya artemisinini iwe tayari zahanati kabla mvua ndefu hazijaisha.