Sufuria Kubwa ya Kikundi

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia)

Tumeombwa tuseme habari ya miradi, lakini sisi tutazungumza juu ya sufuria tu.

Wakati wa bonasi ya majani chai kila mmoja wetu alitoa kidogo, tukanunua sufuria mbili kubwa za kukodisha kwenye harusi na matanga. Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda vizuri. Halafu moja ikarudi kutoka matangani ikiwa na tundu chini, mkono unapita!

Kumbe ni maharagwe. Jamani, Mombasa maji huchemka kwa digrii 100. Kisumu ni kama 96. Sisi huku juu, mita 2,000 hivi, yanachemka kwa digrii 93 tu. Utayaona yanatokota, povu ni lile lile, lakini joto limepungua, kwa hivyo maharagwe yanachelewa kuiva. Mpishi akiona hivyo anaongeza kuni. Haisaidii. Maji hayapati joto zaidi, yanakwisha haraka tu. Na sufuria ya alumini ikikaukiwa iko hatarini, maana alumini huyeyuka kwa digrii 660, na makaa mekundu ya kuni yanapita hapo. Kama kuna maji ndani haiyeyuki, kwa kuwa maji yanachukua lile joto. Usiku ule wapishi walikwenda kwenye maombi, wakaacha moto mkali na sufuria haina kifuniko.

Sasa nani alipe? Mwenye matanga alikuwa mjane. Baadhi yetu tulisema sheria ni sheria, alipe. Wengine wakasema ni aibu. Tulizozana vikao vitatu, na wanachama wawili wakaacha kuja. Ilibaki kidogo tu kikundi kivunjike, kwa sababu ya sufuria!

Mwishowe tulikubaliana hivi. Katika kila pesa ya kukodisha, sehemu inawekwa kando ya matengenezo. Sufuria haitoki bila kifuniko chake, na haitoki peke yake: mwanachama mmoja anaisindikiza, anakaa nayo motoni, anaongeza maji ya moto. (Anakula huko huko, kwa hivyo wa kujitolea hawakosekani.) Maharagwe yalowekwe tangu jana yake. Na kabla ya kuiweka mafigani, ipakwe udongo nje, masizi yatatoka kwa urahisi.

Ile yenye tundu, fundi wa jua kali aliitia kiraka. Tunaitumia kwa maji ya kuoshea vyombo, kupikia hapana.

Yule mjane, kabla hatujaamua, alikuwa ametuletea kuku, malipo ya kwanza. Tulikuwa tumeshamuuza. Tukanunua mwingine, tukampelekea sote pamoja, na wale wawili walioacha kuja walikuwepo.