Mikataba iko wazi, lakini nani anaisoma?

Maneno tuliyosema mbele ya vijana wa Katuba, Lubumbashi



Munatujua. Wengi wetu tuko na diploma ya chuo kikuu, na asubuhi tunaamka pasipo kazi ya kwenda. Batu banatuulizaka: munafanya nini siku nzima na ile ordinateri ya zamani? Leo tunajibu.

Kila siku kamyo za shaba zinapita barabara ya Kasumbalesa. Nyuma ya kampani nyingi za migodi kuko mukataba unaosema nani anapewa nini, na nani anapashwa kutoa nini. Dekreti ya tarehe 20 mwezi wa tano 2011 inaomba kila mukataba wa mali ya asili utangazwe ndani ya siku 60 kisha kuanza kutumika. Tena sheria ya migodi, iliyorekebishwa mwaka 2018, inagawanya malipo ya madini hivi: 50% kwa serikali kuu, 25% kwa jimbo, 15% kwa komini, sekta ao sheferi yenye mugodi, na 10% kwa vizazi vitakavyokuja. Ile 15% inapashwa kufika karibu na nyumba zenu.

Mikataba mingi iko kwenye intaneti, ndani ya gala moja linaloitwa ResourceContracts. Ni kazi ya mikono mingi: kuko Natural Resource Governance Institute, kuko kituo cha chuo kikuu cha Columbia, kuko Banki ya Dunia. Wanasheria wanatia alama kwenye kurasa: hapa ni ushuru, hapa ni mazingira.

Gala hili lina milango miwili. Wa kwanza ni wa macho: unafungua, unasoma. Lakini mukataba mumoja unaweza kupita kurasa mia, kwa Kifaransa cha wanasheria. Nani kati yetu ana mega za kufungua yote, tena kabla umeme haujakatika?

Mulango wa pili ni wa programu. Programu inatuma swali, gala linajibu kwa maandishi matupu, pasipo picha wala rangi. Sisi tuliandika programu fupi kwa Python. Inafanya mambo matatu tu. Inaomba orodha ya mikataba ya nchi yetu. Inachukua maandishi yake na kuyaweka kwenye ordinateri, kusudi tusilipe mega mara mbili. Kisha inatafuta maneno tunayoipa kwa Kifaransa, kama maji, barabara, masomo, kuhamisha wakaaji, na inatuonyesha ukurasa.

Sasa tuseme na kosa letu. Siku moja programu ilituambia mukataba wa kampani fulani hauna hata neno moja juu ya maji. Tulifurahi vibaya. Tangazo lilikuwa tayari. Dada mumoja kati yetu akasema: fungueni ukurasa kwanza. Tukafungua. Neno lilikuwa pale, mara ine. Karatasi ilipigwa picha mubaya, na mashine iliyogeuza picha kuwa maandishi ilikosea herufi. Kama tungetangaza, tungesema uongo, na kesho hata ukweli wetu haungesikilizwa.

Tangu siku ile tuko na kanuni moja: programu inatuonyesha pa kutazama, haisomi kwa nafasi yetu. Batu wawili wanasoma ukurasa wenyewe mbele ya mutu yeyote kupiga kelele.

Kwa nini tunajisumbua hivi? Muzee mumoja anayeishi karibu na mugodi alituambia: «Walisema hiyo haimo kwenye mukataba, tukanyamaza, juu hatukuwa na mukataba mukononi.» Njo vile tunashindwaka. Si kwa sababu hatuna haki, ni kwa sababu hatuna ukurasa.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu.

Kwa wakubwa wa jimbo na wa kampani: lile daftari la ahadi munalotia sahihi pamoja na wakaaji, kaye de sharje, litangazwe lote, kwa maandishi yanayosomeka, si picha za giza. Ni ahadi kwa raia, raia aisome.

Kwa vijana: hauna ordinateri? Kuja vilevile. Anayejua sheria asome, anayejua Kifaransa atafsiri, anayependa kujifunza programu tutamufundisha bule.

Kwa wazazi: leteni maswali. Programu haijui kisima kiliahidiwa wapi. Ninyi munajua.

Mikataba ilitiwa sahihi kwa jina letu. Tuisome basi, pamoja.