Soko Lililomo Ndani ya Simu

Leo tuongee juu ya kundi la WhatsApp la kijiji, lile tunaloliita grupu. Wengine mwasema ni mambo ya vijana. Hata mimi nilisema hivyo. Msimu uliopita nikamuuzia mchuuzi mahindi yangu, magunia sita, kwa bei yake yeye. Kumbe mwenye mashine, hapa hapa kwetu, alikuwa ametangaza katika grupu kwamba anatafuta mahindi, na bei yake ni nzuri! Mimi simo. Iliniuma sana.

Sasa nimo. Grupu moja huchukua mpaka watu 1,024, kwa hiyo kijiji kizima twaweza kuenea. Ukitangaza, sema unauza nini, kiasi gani, bei gani, na uko wapi. Ukiandika “nina kuku” tu, nani atakuja? Kama kuandika kunakuchelewesha, bonyeza alama ya kipaza sauti, useme.

Lakini mtu usiyemjua akisema, “Tuma fedha kwanza, mzigo unakuja,” usitume. Nenda ukauone mzigo. Na namba yako ya siri usimpe mtu, hata akijiita ofisa wa kampuni ya simu.

Haya, aliyetangaza mbegu za alizeti jana yuko wapi? Mama mmoja hapa anakutafuta.