Mshahara wa Mwezi Mmoja
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Thika



Halmashauri imeniomba niseme machache juu ya mwenzetu apataye mshahara mdogo, alalaye Ruiru au Thika na kufanya kazi Nairobi. Jambo hili si geni. Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na Bwana Carpenter iliiambia serikali ya kikoloni kwamba mshahara wa Mwafrika mjini ulipimwa kwa haja za mtu mmoja asiye na jamaa, ikashauri upimwe kwa haja za mtu na mkewe na watoto wake. Wazee walio hapa wajua kwamba pengo lile lilizibwa na shamba la nyumbani. Leo shamba limegawanywa hata limekuwa kiwanja, na mengi ya mashamba ya kahawa ya Ruiru yameota nyumba za kupangisha.

Natuhesabu. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Novemba 2024 ilimpa kibarua wa Nairobi shilingi 16,113 kwa mwezi, na yule wa Thika au Ruiru shilingi 14,866, mbali na posho ya nyumba. Vijana wetu huiona tofauti ile ya shilingi 1,247 wakakimbilia Nairobi. Lakini barabara kuu ya Thika, tuliyoifurahia sana ilipofunguliwa mwaka 2012, haipitwi bure. Tuseme nauli ni shilingi 100 kwenda na 100 kurudi, ingawa mvua ikinyesha jioni makanga hutaja bei aipendayo. Kwa siku 26 ni shilingi 5,200. Faida ya kwenda Nairobi imekwisha kuliwa zaidi ya mara nne.

Haya, tumwongezee posho yake ya nyumba, 15 kwa kila 100, afikie shilingi 18,530. Katika kila shilingi 100 hukatwa 6 za akiba ya uzeeni, 2.75 za bima ya afya na 1.50 za ujenzi wa nyumba. Zabaki kama 16,630. Toa nauli, toa kodi ya chumba kimoja, tuseme 4,000. Zilizobaki hazifiki shilingi 250 kwa siku, za unga, makaa, maji, sabuni, karo, na kitu kidogo cha kumpelekea mama. Nimechoka kusikia mtu huyu akihubiriwa kwamba hajui kutumia fedha. Azijua kuliko sisi, kwa kuwa huzihesabu kila usiku.

Mtoto akiugua tarehe 20, hukimbilia simu yake. Mkopo wa M-Shwari ulipoanza mwaka 2012 ulitozwa 7.5 kwa kila 100 kwa siku 30. Anayekopa shilingi 1,000 kila mwezi kwa kawaida hiyo hulipa ada ya shilingi 900 kwa mwaka, na ile elfu moja bado ni deni.

Nasi, wazee wangu, tunayo fedha benki. Kwa katiba yetu hutolewa mwanachama akifa. Twamnunulia jeneza zuri mtu ambaye alipokuwa hai hatukumkopesha nauli.

Najua hofu ya wazee: fedha ikikopeshwa isirudi, na msiba ukabisha hodi, tutaaibika. Hofu hiyo ni ya haki, wala siidharau. Kwa hiyo naomba thuluthi moja tu ya mfuko itengwe kwa mikopo, mbili zibaki za mazishi zisiguswe. Mkopaji alete wadhamini wawili miongoni mwetu, arudishe kwa miezi mitatu, na atozwe 1 kwa kila 100 kwa mwezi. Asiyerudisha, wadhamini wake walipe kabla ya mkutano unaofuata.

Bwana Mwenyekiti, hoja hii nimeiandika na kumkabidhi Mwandishi. Naomba ipigiwe kura leo, kabla wanachama wa Ruiru hawajaondoka kuwahi magari.