Wazee Wetu Wasio na Mstari katika Kitabu cha Mazishi

(Mada iliyosomwa mbele ya Washarika na wageni wa Dayosisi katika Jubilei ya Miaka 100 ya Usharika)



Kamati ya Jubilei imeniagiza niseme juu ya jambo lililotusumbua tulipokusanya majina ya waasisi wa Usharika huu na ya wazazi wao. Kila ukoo uliombwa kuleta mwaka wa ubatizo na mwaka wa kufariki wa kila mzee. Safu ya ubatizo ilijaa. Safu ya kifo iliachwa wazi na koo nyingi, na karibu kila mara palipoachwa wazi jibu lilikuwa moja: "Huyu alikwenda vitani, hakurudi." Ukoo wetu nao ni mmojawapo.

Vita hivyo ni vile vya mwaka 1914 hadi 1918. Vijana wa Kilimanjaro walibeba kwanza mizigo ya Wajerumani. Waingereza walipoingia Moshi mwezi Machi 1916, wengine wakachukuliwa kubeba mizigo ya Waingereza. Jeshi la Wajerumani lilivuka Ruvuma na kuingia Msumbiji mwezi Novemba 1917, likasalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Kwa hiyo mtu aliyeondoka nyumbani kwake mlimani aliweza kufia mamia ya maili mbali, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kumjua jina. Kwa upande wa Waingereza peke yao, wapagazi walikaribia milioni moja, na vifo vilivyohesabiwa rasmi vilizidi 95,000. Wengi hawakuuawa kwa risasi, bali kwa kuhara damu, malaria, nimonia na njaa.

Kwa nini basi vitabu vyetu havisemi neno? Sababu ya kwanza ni nyepesi. Mchungaji huandika katika kitabu cha mazishi yule aliyemzika. Kitabu hicho ni cha waliozikwa na Kanisa, wala si cha wote waliokufa. Sababu ya pili ni kwamba Usharika wetu ulipoanza, vita vilikuwa vimekwisha. Habari za miaka ile ziko katika vitabu vya usharika mama. Tena wamisionari wa Leipzig walifukuzwa nchini mwaka 1920, na kazi ikabaki mikononi mwa walimu wa Kiafrika. Kwa upande wa Serikali, sheria ya kusajili vizazi na vifo ni ya mwaka 1920, wakati wazee hao walikwisha kupotea.

Wapendwa, jambo hili halikuwa la karatasi tu. Mke hakujua aitwe mke au mjane. Watoto hawakujua kihamba cha baba yao ni urithi wao au ni mali ya mtu atakayerudi. Hata mishahara ya maelfu ya wapagazi waliokufa haikuwafikia warithi wao. Waasisi wengi tunaowaheshimu leo walikuwa watoto wa nyumba hizo.

Naomba sasa niwaonyeshe njia tuliyoifuata, ili na koo nyingine ziifuate. Mstari wa kifo ukikosekana, tafuteni mistari miwili. Wa kwanza ni ule wa mwisho unaomwonyesha mzee akiwa hai: labda alisimama kama baba katika ubatizo wa mtoto wake, au kama msimamizi wa mtoto wa jirani. Wa pili ni ule wa kwanza unaomtaja kuwa amefariki: katika kipaimara cha mwanawe, au katika ndoa ya binti yake. Kifo chake kimo kati ya mistari hiyo miwili. Sisi tulikuta ubatizo wa binti wa mwisho, ambapo baba alikuwapo mwenyewe. Kisha kipaimara cha mwana wa kwanza, ambapo kando ya jina la baba pana msalaba mdogo. Wajerumani huweka alama hiyo kwa mtu aliyefariki.

Tazameni pia ndoa za wajane. Mchungaji hakuweza kubariki ndoa mpya kama mume wa kwanza alihesabiwa kuwa hai. Basi, mama akiandikwa "mjane", ni ushahidi kwamba Kanisa lilikwisha kuridhika kuwa mumewe amekufa.

Mnaposoma, kumbukeni maandishi ya Kijerumani. Machame iliandikwa "Madschame", na Wachagga "Dschagga". Kwa hiyo jina la ukoo wenu laweza kufichwa na herufi. Neno "gestorben" maana yake amefariki. "Verschollen" maana yake ametoweka, habari zake hazijulikani. Maneno haya mawili yasichanganywe. Zaidi ya vitabu vya sharika, faili za utawala wa Kijerumani zimo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na hati za Misioni ya Leipzig zimehifadhiwa Halle, Ujerumani.

Baadhi ya ndugu wamependekeza tuandike tu "1917" kwa wote, ili orodha ipendeze. Nawasihi tusifanye hivyo. Mjukuu atakayesoma baada ya miaka mia nyingine ataamini tulichoandika. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 34, kinaeleza kifo cha Musa na nchi alimozikwa, kisha kinakiri kwamba kaburi lake halijulikani. Maandiko hayakuona aibu kuacha pengo. Sisi tuone aibu ya nini?

Wala pengo hili si la aibu kwa wazee wetu. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 inawataja wapagazi, lakini haina jina la hata mmoja. Mwezi Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Walionyamaza ni wale waliowatumia.

Kwa hiyo naliomba Baraza la Wazee lifungue kitabu cha nyongeza, bila kugusa vitabu vya zamani. Kila mzee wa namna hii aandikwe jina lake la ubatizo na la nyumbani, mstari wa mwisho alipokuwa hai, mstari wa kwanza alipotajwa marehemu, na jina la mtoa habari. Mahali pa tarehe paandikwe: "Haijulikani." Kisha majina hayo yasomwe kanisani pamoja na ya wengine waliolala katika Bwana, Jumapili ya mwisho ya mwaka wa Kanisa.

Mungu aubariki Usharika wetu.