Taa Huandaliwa Mchana



Kwa miaka mingi taa za kisiwa chetu cha Mafia zimewashwa kwa mitambo ya dizeli, mbali na gridi ya Taifa, na dizeli yenyewe haina budi kuvuka bahari. Ndiyo maana giza la ghafla, kutoka Kilindoni hadi Kirongwe, si mgeni kwetu.

Wale wanawali kumi wa Injili ya Mathayo, sura ya 25, wote walisinzia. Kilichowatenganisha ni maandalizi waliyoyafanya mapema. Basi nasi, kabla ya magharibi, tujaze kandili mafuta na kuweka kiberiti mahali tunapopafahamu, pasipofikiwa na watoto. Kibatari kikae mbali na chandarua na makuti. Jiko la mkaa tusilifungie chumbani, kwani hewa yake ya sumu haina harufu, nayo huwaua waliolala.

Wanawali wenye busara hawakugawa mafuta yao, maana yasingewatosha wote. Lakini mwanga haupungui kwa kugawanywa: taa imwangaziayo mmoja huwaangazia na watano. Kwa hiyo mwenye taa na afungue mlango, mtoto wa jirani, wa Mkristo au wa Mwislamu, aingie na daftari lake. Mtihani wa darasa la saba haumwulizi mtoto kama umeme ulikatika.

Jioni hii tuitazame taa yetu, kisha tumkumbuke jirani asiye nayo. Mungu awabariki.